Mkono Wenye Rangi ya Marehemu

Tulimwacha Fundi Rangi Jumapili mchana, kiwanda kimefungwa, naye amejibanza nyuma ya mapipa ya zinki akimvizia mwizi wa chupa yake. Kabati likafunguka. Mkono ukaingia, ukatoka, ukaingia tena. Hapo Fundi akaruka, akaukamata, akautazama, na roho ikampasuka. Mkono ule ulikuwa na rangi ya mkewe, na mkewe alimzika mwaka jana.

Mmepiga simu hapa gazetini wiki nzima. Mmoja anasema mzuka, mwingine kaapa ni jini. Haya, tulieni basi. Jini gani ana kucha zilizokatika na ananuka sabuni ya kufulia?

"Niachie, unaniumiza!"

Sauti ya kike, ya mtu mzima. Fundi hakuachia. Alipokaza vidole, rangi ikamtoka yule mtu ikamganda yeye. Ilikuwa mbichi, imechotwa chupani muda uleule.

Akamvuta mwizi kutoka kwenye kivuli cha kabati. Mtandio ukaanguka mabegani.

Mama mkwe!

Fundi akauachia mkono kama aliyeshika kaa la moto. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, na mdomo ukasema wenyewe kabla hajaufikiria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Sijui ninyi huko."

"Huko ni salama tu."

Mtacheka, lakini wewe ungefanyaje? Umemkuta mama mkwe na mkono kabatini, utampiga kofi? Ukwe ni ukwe, hata kwenye wizi. Fundi huyu miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumkazia macho mama wa mkewe. Alimsalimia akitazama kandambili zake. Kandambili zile angezitambua popote, ila uso wa mwenyewe aliujua kwa mbali tu.

Mlango ukapigwa teke. Mlinzi akaingia, rungu liko juu.

"Yuko wapi? Yuko wapi nimvunje kiuno!"

"Shusha hilo rungu. Ni mama mkwe wangu."

Mlinzi akamtazama bibi, akamtazama Fundi, akashusha rungu taratibu.

"Sasa si ungesema kwamba unayemvizia ni huyu? Huyu kila Jumapili namfungulia mimi."

"Unamfungulia!"

"Aliniambia anakuja kumsalimia mwanawe. Nikasema makaburi ni mbali, miguu haimfikishi. Mwanawe kafanya kazi humu, akikaa kidogo kuna ubaya gani? Na mimi nina mama."

"Mlinzi gani wewe, unamfungulia mwizi mlango?"

"Na wewe mkwe gani, unamvizia mama mkwe nyuma ya pipa?"

Fundi akamwambia arudi getini, na jamaa akaenda akinung'unika kuwa wema siku hizi ni kosa.

Sasa, kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, nikuweke sawa kwa haraka. Kiwanda hiki hutengeneza krimu ya kukinga jua. Zinki ndiyo inayozuia jua, lakini zinki ni nyeupe pe. Mtu mweusi akijipaka zinki tupu anatoka kama aliyelala kwenye gunia la unga. Ndipo anapoitwa Fundi. Anachukua kutu. Ndiyo, kutu ya chuma, iliyosafishwa na kusagwa ikawa laini kama poda: nyekundu, njano na nyeusi. Anazichanganya na zinki, punje kwa punje, mpaka itoke rangi ya ngozi ya mtu. Wenyewe hutaniana kwamba wanawapaka watu kutu na watu wanashukuru.

Na mkewe alifungasha chupa humohumo. Kila rangi ya kahawia iliyokoza ilijaribiwa shavuni mwake, hata wenzake wakampa jina la Bi Shavu. Alipofariki kwa ugonjwa wa ini, ikabaki chupa moja iliyochanganywa na mumewe huku yeye mwenyewe amekaa mbele yake kwenye stuli. Hiyo ndiyo inaitwa kigezo, rangi ya mfano ambayo mapipa yote hufuata. Fundi akakataa kuchanganya hata pipa moja la rangi hiyo kwa ajili ya kuuzwa. Bosi kagomba mpaka kachoka. Picha hazikumfaa Fundi, maana simu humng'arisha kila mtu. Rangi ya mkewe jinsi alivyokuwa ilibaki ndani ya chupa ile tu, na chupa ilikuwa inapungua. Kila Jumatatu alikuta alama mpya za vidole.

Ndiyo maana alikuwa tayari kuua mtu. Bahati mbaya mtu mwenyewe ni mkwe.

"Kaa, mama," alisema, akamsogezea stuli, naye akakalia nyingine.

Mama mkwe akakaa. Akaifunika mikono yake kwa mtandio.

"Ungeniambia tu," Fundi akasema, bado anatazama sakafu. "Ungebisha hodi nyumbani, ukasema nimemkumbuka mwanangu. Ningekuletea chupa mwenyewe."

"Nimemkumbuka, baba."

"Mimi nilidhani umenichukia. Tangu tulipoanua matanga hujakanyaga kwangu. Nikajua unanilaumu."

Mama mkwe akauvuta mtandio zaidi juu ya mikono yake.

Naye Fundi, aliyekaa mwaka mzima bila mtu wa kuzungumza naye zaidi ya mlinzi na mizani, akafunguka. Akasema nyumbani ameacha kupika, maana sufuria ndogo kabisa bado inabakiza chakula. Akasema huwa anawasha redio asisikie jinsi nyumba ilivyonyamaza. Jumamosi hukaa kiwandani mpaka wafagiaji wamfukuze, kwa sababu akifika kwake hakuna wa kumuuliza kwa nini umechelewa. Na kila asubuhi, kabla hajavaa koti la kazi, hufungua chupa ile, akagusa tone moja na kulipaka nyuma ya mkono wake. Halafu anaushika mkono huo kwa mkono wa pili.

"Upweke unauma, mama," akasema. "Unauma kama jino."

Mama mkwe akaanza kulia bila sauti. Mabega tu yalikuwa yanacheza.

"Basi tugawane," Fundi akasema, na moyo wake, ndugu zangu, ulikuwa mweupe kabisa. "Nusu yako, nusu yangu. Ni rangi yake yuleyule. Nililinganisha dirishani, kwenye mwanga wa mchana, imeshakauka. Haikupishana hata unywele."

"Hiyo siyo rangi yake."

Fundi alidhani hakusikia vizuri.

"Unasema?"

"Hiyo chupa, baba. Siyo rangi ya mwanangu. Siku aliyokaa hapa mbele yako, alikuwa amejipaka tayari."

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona jambo linakuja na hataki lifike.

"Amejipaka nini?"

"Krimu yenu hiihii, ameongeza ile nyekundu kidogo. Alikuwa amegeuka njano, baba. Uso, shingo, mikono. Wewe ulilinganisha na krimu. Shavu lake hukuliona."

Ndugu msomaji, mpe Fundi dakika moja. Mtu amejifungia na chupa mwaka mzima akijua ndani yake yumo mkewe. Kumbe ndani yake mlikuwa na nakala ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameunakili mpako.

"Mwongo," akanong'ona. "Mama, nisamehe, lakini huo ni uongo. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja."

"Taa ya chumbani kwenu ni ya rangi gani?"

Fundi akageuza macho kwenye taa za dari. Balbu ya chumbani ilikuwa ya njano. Chini ya taa ile kila mtu ni wa njano, na yeye ndiye anayewafundisha wenzake kila siku kwamba taa ni mwongo, rangi isomwe dirishani.

"Na mchana alivaa miwani myeusi," mama mkwe akaendelea. "Alikuambia ni vumbi la zinki. Na alfajiri alikuwa anaondoka mbele yako. Alikuambia anakuja kunichotea maji."

"Ndiyo."

"Mimi nina bomba uani, baba."

Akili ya Fundi ikarudi mbio mpaka kwenye wodi, siku ile daktari alipomwosha mgonjwa uso kwa pamba, akageuka akamuuliza mbele ya wauguzi: wewe si ndiye mtu wa rangi, hukuona? Swali hilo limekula naye, limelala naye, ingawa mpako ule alidhani ni wa siku ile tu. Watu walimfariji kwa mengine yote, lakini hilo hakuna aliyeligusa.

"Nani alikuwa anampaka?" akauliza. "Mtu hawezi kujipaka shingo ya nyuma sawasawa namna ile. Nani?"

Mama mkwe akavuta pumzi.

"Mimi."

Fundi akasimama, stuli yake ikaanguka. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilisahau ukwe.

"Wewe! Mama mzazi! Unamwona mwanao anageuka njano, unampaka rangi nisimwone?"

"Aliniapisha."

"Alikuapisha! Ungeniambia mwezi mmoja tu mapema, angekuwa hai leo!"

"Huenda."

"Usiniambie huenda!"

"Alisema, mama, mume wangu akijua ataanza kunitazama kama mgonjwa. Nataka anitazame kama mke wake, mpaka siku ya mwisho. Mimi ningemjibu nini? Mtoto wa pekee huyo, ananililia magotini. Nikampaka. Kila alfajiri nikampaka, akiondoka nakaa kitandani nalia. Halafu ukaja msiba, nikashindwa hata kukusogelea. Nilikukimbia kwa aibu, baba. Sikukuchukia."

Ingekuwa hadithi nyingine, wangekumbatiana hapa. Lakini Fundi ni mtu, na mtu akikatwa hutoka damu.

"Toka," akasema.

"Baba..."

"Nimesema utoke, mama. Sitaki kuiona hata hiyo mikono yako. Nenda."

Mama mkwe hakubishana. Akajifunga mtandio, akainuka. Hatua ya kwanza ikampeleka vizuri. Ya pili ikayumba. Akaishika meza ya mizani kwa kiganja, akasimama hapo akihema kama aliyepanda ghorofa, kisha akaendelea kuelekea mlangoni.

Fundi akaitazama meza. Kiganja kizima kilikuwa kimejichora pale kwa rangi ya kahawia, vidole vyote na mistari yake.

Hasira ikasimama kidogo. Akili ya kazi ikaingia.

Kiganja?

Mtu aliyemkumbuka mwanawe atajipaka nyuma ya mkono, kama alivyofanya yeye. Anayeogopa jua atajipaka usoni. Nani anapaka krimu ya jua kwenye kiganja? Jua halifiki huko. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo.

"Mama, ngoja."

Mama mkwe hakungoja. Aliongeza mwendo.

"Mama! Nawa mikono kwanza, humu hatutoki na rangi."

"Nitanawa nyumbani."

"Nawa hapa."

"Niache niende hivihivi!"

Sauti ilikuwa kali mno kwa jambo la kunawa. Fundi akamtangulia mlangoni, akachukua pamba, akaichovya kwenye mafuta, maana kutu hii maji hayaiwezi. Akaushika mkono uleule aliouvizia. Mama mkwe akauvuta. Fundi akaushikilia.

"Usinifute, baba. Nakuomba. Kwa ajili ya mwanangu, usinifute."

Akafuta kiganja mara moja. Akamvuta mpaka dirishani, mbali na taa za dari, akakigeuza kwenye mwanga wa mchana.

Fundi ameishi na njano. Anaijua ya kutu, anaijua ya taa. Akafuta tena, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Njano hii haikutoka. Haikuwa juu ya ngozi.

"Mama, nitazame."

"Mimi ni mkweo. Hatutazamani."

"Nitazame!"

Mama mkwe akainua uso. Fundi naye akainua wake, na kwa mara ya kwanza tangu alipotoa posa, akayaona macho ya mama huyu kwa karibu. Yale yaliyotakiwa kuwa meupe yalikuwa manjano. Na usoni, chini ya kahawia ile nzuri aliyoichanganya yeye, kwenye mikunjo ambako vidole vya mtu mzima havikufika, njano ilikuwa inachungulia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mvua zilipokatika."

"Nani anajua?"

"Wa kujua ni nani? Nyumba yangu ina mtu mmoja. Majirani nikisalimiana nao naificha kwa hii. Ya dukani nilinunua, hainifichi. Hii yako ndiyo inanificha, kwa sababu ulimwiga mtu aliyejificha."

"Na ndani kwako, jioni, umejifungia peke yako? Huko unamficha nani?"

Mama mkwe akatabasamu kidogo. Fundi alisema baadaye kwamba bora angelia.

"Kioo," akajibu. "Namficha mimi."

"Tunakwenda hospitali. Sasa hivi."

"Siendi."

"Mama!"

"Mwanangu alikwenda kwa miguu yake, akarudi kwenye shuka. Mimi nitakufa kwangu, na rangi yangu usoni. Nimemfichia yeye, na wewe nifichie mimi. Ndiyo haki."

"Sikufichii. Mimi nimeshaulizwa mara moja kama sikuona. Sitaulizwa mara ya pili."

Akageuka kuita getini. Nyuma yake akasikia chupa ikigonga chuma. Akageuka tena.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye sinki. Bomba liko wazi, maji yanatiririka, na chupa ya Bi Shavu, aliyoichomoa kabatini, iko mkononi mwake, imeinamishwa juu ya shimo.

"Ukimwita mtu," akasema, "naimwaga yote."

"Mama, weka chini."

"Niahidi kwanza. Sema hutamwambia mtu. Nitaiweka na nitakwenda zangu, na hutaniona humu tena."

Niambieni nyinyi, mnaopenda kupiga simu. Rangi ilikuwa ya uongo, amekwisha kuambiwa. Lakini uongo huo ulikaa shavuni mwa mkewe. Mkewe aliuvaa ili apendeze machoni pake mpaka mwisho. Kama siyo huo, Fundi abaki na nini? Balbu, redio na sufuria. Aliitazama chupa ile jinsi unavyomtazama mtu kwenye dirisha la basi linaloanza kuondoka. Akasema jina la mkewe kwa sauti ndogo, jina la ndani ambalo hatuliandiki gazetini.

Kisha akajaza mapafu.

"Mlinziii! Tafuta teksi! Haraka, kuna mgonjwa!"

Mama mkwe akamtazama. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa kama mtu aliyetaka kuuliza jambo na akasahau ni jambo gani. Vidole vyake vikafunguka. Hakumwaga, hapana, msimsingizie. Nguvu zilimwisha tu. Chupa ikagonga ukingo wa sinki, ikapasuka, na rangi yote ikachukuliwa na maji.

Fundi hakuitazama. Alikuwa ameshakimbia, kwa sababu magoti ya mama mkwe yalikuwa yamekunjika. Akamdaka kabla kichwa hakijafika sakafuni, akakaa chini naye, akamlaza kifuani kwake kama asivyoruhusiwa mkwe yeyote kumshika mama wa mkewe.

"Teksi ya kwenda wapi?" Mlinzi akauliza kutoka nje.

Fundi hakumsikia. Alikuwa anaugeuza uso ule kuelekea dirishani.

"Mama, fumbua macho. Nitazame. Mama, tumebaki wawili tu, nitazame."

Hakufumbua.